Mchanga wa Korongoni

Juzi nilikuta vijana wakipakia mchanga kwenye lori, kwenye korongo la kijijini kwetu. Niliposikia makoleo yao, niligeuka nikatazama upande wa nyumbani.

Nilikuwa binti mdogo mafuriko yalipopita hapo. Wiki zilizofuata majirani walitusaidia kuinua kuta zetu upya, wanawake wakatuletea unga wa uwele na mlenda mkavu, na nyumba nzima ilinuka udongo mbichi na moshi. Baba hakuwepo. Mvua ilipozidi alikuwa amekwenda kuvusha mbuzi, na mama aliniambia kwamba amebaki kwa shangazi ng'ambo, njia haijafunguka. Nilimwamini.

Alasiri moja niliwaona wanaume wakichimba mchanga katikati ya korongo, kimya kimya. Kwetu, wakati wa kiangazi, watu huchimba hapo maji ya kunywa. Kisima chetu kilikuwa kimejaa tope, kwa hiyo nilichukua ndoo nikateremka mbio niwahi foleni. Palinuka vibaya. Nilidhani ni tope.

"Shikamoo, Baba Neema," nilimwamkia jirani yetu. "Maji yametoka?"

Aliipokea ndoo, akaipindua, akanikalisha juu yake.

"Kaa hapa, mwanangu. Tazama nyumbani, usigeuke."

Nilitazama nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Nyuma yangu makoleo yakanyamaza, yote kwa pamoja. Nikafurahi. Nikampungia mama mkono, ajue kwamba maji yametoka.