Fundi Kufuli na Plagi Iliyogoma

Kwa miaka ishirini na miwili fundi kufuli alikuwa akifungulia watu milango, sefu na masanduku yaliyoachwa na marehemu. Plagi hakuwahi kuitiwa, mpaka siku ile wifi yake alipompigia simu.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa na maneno mengi na subira haba. Gari lake la umeme lilikuwa na wiki tatu tu. Limeshiba chaji, mashine imezima, na plagi imekataa katakata kutoka. "Wifi yangu, njoo na vyuma vyako vyote," alisema. "Nimenasa kama panya."

Fundi alipofika kwenye kituo cha kuchajia magari, aliwakuta wifi na mhudumu wa kituo wakiivuta plagi kwa zamu, jasho linawatoka. Nyuma yao magari matatu yalikuwa yakingoja. Mhudumu akapendekeza tindo. Fundi hakumsikiliza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye akapiga magoti kwenye saruji, akamulika kwa tochi ya simu, akauliza kinachofunga ni plagi au gari.

Mhudumu akamweleza kwamba ni gari. Hutoa kijiti cha chuma kinachoingia kwenye tundu la plagi, mtu asije akaichomoa huku umeme mkali bado unapita.

Hapo fundi akachangamka. Kumbe ni komeo! Akaitazama kebo, nene na nzito, inavyoning'inia na kuivuta plagi chini. Mlango ukilegea bawaba, uzito wote hulalia komeo, na ufunguo hauzunguki hata uulilie. Dawa ni kuunyanyua mlango. Basi akaitwika kebo begani, akaisukuma plagi ndani, akamwambia wifi abonyeze rimoti ya kufungulia gari. Kikasikika kitu kikifyatuka, na plagi ikatoka kama kisu kwenye ala.

"Nusu saa tunavuta," wifi akasema, "kumbe ni kusukuma."

Fundi hakuwa na haraka ya kuondoka. Aliigeuza plagi uso juu akaichunguza. Chini kulikuwa na njia mbili nene za umeme mkubwa, juu vijiti vyembamba. Kimoja kati ya hivyo vyembamba kilikuwa kifupi kuliko wenzake. Akauliza kwa nini. Mhudumu naye akainama kutazama.

"Kifupi huingia mwisho na hutoka kwanza," fundi akasema taratibu, kama anayejisemea. "Basi hiki ndicho mpeleka habari. Kikiachana tu na gari, mashine inakata umeme kabla zile njia nene hazijaachana."

Mhudumu akampigia mhandisi wake kuhakikisha. Mhandisi akakubali, akaongeza kwamba kile cha ardhi, cha usalama, ndicho kirefu: hutangulia kuingia na huwa cha mwisho kutoka. Akataka kujua huyo mama amesomea wapi. Wifi akadakia kwamba amesomea milangoni kwa watu.

Wiki iliyofuata mhandisi alimletea plagi iliyochakaa, na Jumapili nzima fundi aliikata kwa msumeno wa chuma mezani, mumewe akila chakula chake akiwa amekipakata. Kituoni, mhudumu sasa huinua kebo mwenyewe. Fundi hajaitwa tena, na kusema kweli jambo hilo linamuuma kidogo.