Jina la Mwingine Kwenye Mlango wa Gari Langu

Sheria za barabarani sikuzisoma darasani. Shule niliiacha darasa la nne, nikaenda kuning'inia nyuma ya lori la mahindi kama utingo, na huko ndiko nilikofundishwa. Kila sheria ninayoijua ina mahali ilipotukamatia. Ile ya pembetatu mbili, siyo moja, niliijua tukiwa tumepasuka tairi nje kidogo ya Lizaboni. Ile ya kitambaa chekundu kwenye mbao zinazochomoza nyuma, niliijua tukienda Mbinga, na kitambaa kilichotuokoa siku ile ilikuwa fulana yangu. Kuna kibao kimoja cha mwendo wa hamsini ninachokijua mimi, mwenzake wa kuruhusu mwendo aling'olewa na mtu akaenda kuwa mlango wa banda la mbuzi. Kwa hiyo kisheria wewe bado uko hamsini hata ukiwa porini na nyani watupu, mpaka ukutane na kibao kingine. Wageni wanakamatwa hapo kila wiki. Mimi hapana.

Nasema hivi ili ujue naongea na wewe kama nani. Leo nina Canter mbili na pikapu, nina nyumba Msamala yenye vigae, na hakuna dereva Songea aliyekwama ambaye hajawahi kunipigia simu aulize, "Mzee, hii nayo ni kosa?" Nikawa nimezoea kusema mbele za watu kwamba hajazaliwa askari wa kunikamata kwa sheria nisiyoijua. Na kweli, hajazaliwa. Niliyokamatwa nayo nilikuwa naijua. Niliidharau tu.

Siku yenyewe nilikuwa nimembebea Mwalimu vifaranga. Huyu ni mama mtu mzima, Myao wa Nalasi, aliyefundisha shule nyingi za mkoa huu mpaka akastaafu. Kiinua mgongo chake alikijengea banda la kuku kwao. Vifaranga wa kwanza aliwapakia kwenye gari la mtu mwingine, likaharibika njiani, wakafa zaidi ya nusu. Hawa walikuwa wa pili, maboksi kumi, kila boksi vifaranga mia, wa siku moja, wamefika Songea na basi. Tukiwa tunapakia aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hawa wakifa nafunga banda. Sina cha kununulia wa tatu."

"Mwalimu," nikamjibu, "mzigo nikiubeba mimi umeshafika."

Kifaranga haogopi njaa siku hiyo ya kwanza. Anaogopa joto. Gari likitembea upepo unapita kati ya maboksi wanakaa vizuri, likisimama juani wanaanza kutweta. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa kutosimama kabisa. Ulikuwa mwezi wa joto kabla ya mvua. Tuliondoka saa moja asubuhi, turubai nimelikunja juu, Mwalimu kakaa pembeni yangu na kapu lake, nami namsimulia nilivyoanza maisha na kaptula moja.

Kabla ya kufika Namtumbo mkono mweupe ukapanda.

Alikuwa askari wa kike, kijana, kofia imekaa sawasawa. Nikasimama huku natabasamu kwa sababu sikuwa na cha kuogopa. Akaomba leseni, nikampa. Akaomba kuona pembetatu, nikamwonyesha mbili. Kizima moto, hiki hapa. Bima, hiyo kwenye kioo. Akazunguka gari pole pole kama mtu anayenunua ng'ombe, akarudi dirishani.

"Mzee, jina liko wapi?"

"Jina gani, binti yangu?"

"Hapa siyo binti yako. Jina la mwenye gari. Gari la biashara la mizigo linaandikwa mlangoni, jina la mwenye gari, anwani na uzito. Hapa naona rangi ya bluu tu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Afande, hiyo ni sheria ya enzi za malori ya mkonge. Nani anaiuliza leo?"

"Naiuliza mimi."

Naijua sheria hiyo tangu utingo. Malori ya tajiri wangu yote yalikuwa na jina lake ubavuni, herufi zimetiwa kivuli. Lakini nilipoanza kuwa na vyangu niliamua sitaandika. Huku kwetu mtu akiinuka kutoka chini hapaki jina lake kwenye kitu kikapita kila kijiji kinamtangaza. Kuna macho ya watu, kuna ndugu wa mbali wanaokuwa wa karibu ghafla. Kioo cha mbele nikaandika JASHO LANGU, basi, mwenye kuelewa ataelewa.

Yule askari akasoma kioo, akafungua kadi ya gari niliyompa, akasoma na kadi. Akanitazama.

"Jasho lako, kadi ya nani?"

Hapo tabasamu likanitoka. Maana kadi ilikuwa na jina la yule tajiri wangu wa zamani. Gari hilo nililinunua kwake, miaka minane imepita, kwa hati iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa, na hati yenyewe nilikuwa nayo, nikaitoa. Ila kadi sikuwahi kuibadilisha. Kubadilisha ni kwenda ofisini, na ofisini watu hunipa kalamu na fomu kisha wananitazama. Nikawa nasema nitaenda mwezi ujao.

Akaisoma hati mpaka mwisho, lazima niseme hivyo, hakunidharau. Kisha akasema, "Hii nimeielewa. Kubadilisha kadi nenda kabadilishe, hilo leo nakuonya tu. Lakini bila jina gari halitoki hapa. Pale senta kuna fundi anayeandika vinyozi na maduka. Aje aandike, uende."

"Aandike langu?"

"Aandike la kwenye kadi. Nikikuta mlango unasema hivi na kadi inasema vile, hilo litakuwa kosa jingine."

Nadhani hakujua alichoniambia. Nimemsukumia yule tajiri gogo la kuzuia tairi miaka kumi na moja. Nimelala chini ya malori yake kwenye tope. Mjini kote watu wananijua kama yule aliyetoka chini ya tajiri akajitegemea. Sasa nipite Namtumbo, nipite Tunduru, nirudi Songea mchana kweupe na jina lake mlangoni mwangu? Watasema, tulijua, alikuwa anaendesha tu. Nilijaribu maneno yangu yote. Habari za soda sikuzileta, nilimwangalia nikaona siyo mtu wa soda. Nikamwambia kuna viumbe hai ndani. Akapanda tairi la nyuma, akachungulia maboksi, akashuka.

"Washusheni kivulini. Na fundi yuko pale, mzee. Siyo mbali."

Tukawashusha chini ya upenu wa duka lililofungwa. Saa tatu ilikuwa haijatimia vizuri lakini bati lilishaanza kulia kwa joto. Mwalimu akafungua vifuniko, akachukua kipande cha boksi akaanza kupepea. Mimi nikashindwa kukaa. Nikaenda barabarani, nikarudi. Nikasimamisha basi la Tunduru niombe lichukue maboksi, kondakta akacheka, buti lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Nikampigia rafiki yangu mwenye Fuso, yuko Njombe. Nikarudi kwa askari, nikamwuliza kama niandike uzito tu. Akasema hapana. Nikamwuliza mkubwa wake yuko wapi. Akaniambia, kisha akaongeza kwamba mkubwa wake ndiye aliyewatuma asubuhi hiyo waangalie milango.

"Baba," Mwalimu akaniita, "si alisema kuna fundi?"

"Naliangalia hilo jambo, Mwalimu."

"Unaliangalia nini? Ni jina."

"Siyo jina langu."

Akaacha kupepea. "Ninyi Wangoni mlizoea kuchukua kwa mkuki, ndiyo maana kadi hamziandikishi. Kamwite fundi."

Wenye baiskeli waliokuwa wamesimama kutuangalia wakaucheka utani huo, na mimi nikacheka, lakini sikwenda. Nilitembea mpaka kwenye kibao cha barabarani, nikageuka. Nilikunywa maji nikayamwaga. Nilikuwa najiambia askari atachoka, kutapita gari la kiongozi atahamia upande wa pili, nitapakia nitaondoka. Nilikaa na wazo hilo, sijui niseme saa nzima, sijui niseme zaidi. Jua lilikuwa limeufikia ukingo wa upenu. Nilipomtazama tena Mwalimu alikuwa ameshika vifaranga watatu kwenye kiganja, shingo zimelegea, anawaweka pembeni kwenye kanga yake iliyokunjwa. Hakuniita safari hii.

Nikampigia simu yule mzee, tajiri wangu wa zamani. Sikuwa nimempigia tangu msiba wa mkewe. Ana miaka themanini kasoro, mguu mmoja haufanyi kazi, malori yote yaliisha moja moja, anakaa hapo hapo Msamala mitaa miwili toka kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeua mtu?"

"Hapana, mzee. Wamenishika kwa jina la mlangoni. Kadi bado yako. Wanataka liandikwe jina lako."

 Akauliza, "Milango yote miwili?"

"Yote miwili."

"Mwambie fundi atie kivuli kwenye herufi. Bila kivuli halisomeki kwa mbali."

"Mzee, nina vifaranga wanakufa hapa."

"Sasa unapiga simu ya nini? Si ungeandika?"

Fundi alikuja na kopo la rangi nyekundu iliyobaki kwenye bucha. Nikamtajia jina. Nikamtajia na sanduku la posta, ambalo sikuhitaji kuangalia kokote, maana nilikuwa natumwa kulifungua kila Jumatatu na ufunguo nimeutia kamba shingoni. Fundi akauliza, "Ndiye wewe mzee?" Nikamwambia aandike uzito. Aliandika haraka, mkono wake mzuri, kivuli hakutia kwa sababu rangi ilikuwa moja. Askari akaja akasoma mlango, akasoma kadi, akaniandikia faini ya kosa lenyewe, akanirudishia leseni yangu, akatusaidia kupandisha maboksi mawili kwa mikono yake. Saa tano ilikuwa imepita.

Kutoka hapo sikusimama tena. Niliendesha madirisha wazi, simulizi za kaptula zimeniisha. Mwalimu alikuwa kila baada ya muda anageuka kutazama nyuma kupitia kioo kidogo, kana kwamba ataona kitu. Tunduru nilipita bila kununua hata maji. Tulipoacha lami kuelekea Nalasi nikapunguza mwendo kwa sababu ya mashimo, na kupunguza mwendo ni kupunguza upepo, kwa hiyo nikaongeza, maboksi yakaruka, nikapunguza tena. Mtu asikudanganye kwamba uzoefu unasaidia hapo.

Tulifika jua bado lipo. Banda lilikuwa safi, maranda yametandazwa, jiko la mkaa na vyungu vya kutunza joto tayari, maji ya glukosi kwenye vinyweo. Mwalimu alikataa nimsaidie kuhesabu. Alichukua boksi moja moja, akamtia kila mmoja mdomo kwenye maji kisha akamwachia, wazima huku, waliokufa kwenye beseni. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nahesabu naye kimya kimya na nilikuwa napotea njiani naanza upya.

Akamaliza, akanyoosha mgongo.

"Waliokufa themanini na wanne," akasema. "Alhamdulillahi. Banda halifungwi."

Nikashusha pumzi. Nikaanza kusema, nikasema bila kufikiri, "Unaona, Mwalimu, nilikwambia mzigo nikiubeba..."

"Kaa kimya kidogo, baba." Hakuwa amekasirika, alisema kama anamwambia mtoto aliye dawati la mbele. "Watatu wa kwanza niliwatoa boksi la juu, nikaangalia saa, nina mazoea ya kuangalia saa. Wakati huo fundi angekuwa ameshamaliza na kunawa. Hawa wa njiani ni wa Mungu, sijui ni wangapi, labda kumi, labda ishirini. Wengine wote waliokufa ni wa ile saa uliyokuwa unatembea."

 Mimi, mwenye jibu la kila askari toka Songea mpaka Makambako, nikatazama beseni. Nilitaka kumwambia habari za gogo la tairi na miaka kumi na moja, nikaona kwamba nilishamwambia, asubuhi yote, na alikuwa amesikiliza.

"Mwaka ujao utanibebea?" nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza kinyume, wakati mbebaji ni mimi.

"Ukiwa unajua kuharakisha," akasema, "nitakupigia." Akaenda kuongeza mkaa.

Jembe lilikuwa limeegemea mkorosho nyuma ya banda. Nikabeba beseni. Nikachimba mbali na nyumba, kina cha kutosha mbwa wasifukue, nikiwa na viatu vyangu vya safari na shati langu la mikono mirefu. Ardhi ya kule ni mchanga, inachimbika kirahisi na inarudi ndani kirahisi, ikabidi niutoe mchanga ule ule mara mbili. Watoto wa jirani walikuwa wamesimama karibu na gari, mkubwa wao anawasomea wenzake mlango kwa sauti, silabi kwa silabi, jina la mzee mpaka sanduku la posta mpaka uzito. Sikuwakatiza. Niliwamimina wale themanini na wanne, nikafukia, nikashindilia kwa kisigino, kisha nikaenda kumwuliza Mwalimu maji ya kunawa yako wapi.