Mbolezi ya Aliyechelewa

Katika karatasi ya pili ya Kiingereza, kidato cha nne, kuna swali ambalo tuliambiwa tusilidharau kamwe. Unapewa wimbo au ngano ya jamii fulani, unaulizwa ni utungo wa aina gani na una sifa zipi, kisha mwishoni unaulizwa: ukitumwa nyanjani kuukusanya, utakumbana na matatizo gani mawili? Majibu tulikuwa tumeyakariri. Wenyeji wanaweza kukataa kuzungumza nawe. Mvua inaweza kunyesha barabara zikaharibika. Kinasasauti kinaweza kukwama. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukusanya chochote kwa mtu yeyote.

Mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza, mwanamke mwembamba aliyezisoma riwaya na tamthilia zetu za mtihani mpaka majalada yakang'oka, alichoshwa na majibu hayo. Tulipokuwa tunafunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula, alimwagiza kila mmoja arudi na utungo mmoja wa kwao, aliousikia kwa masikio yake kutoka kwa mtu mzima. Wenzangu walianza papo hapo kugawana vitendawili. Mimi nikasema nitaleta mbolezi. Nilisema kwa sauti ili darasa zima lisikie, maana nilikuwa na kiburi cha mwanafunzi anayeongoza katika somo moja tu.

Sababu yenyewe sikuisema. Mama yangu alifariki mwaka wa korona, wiki niliyokuwa nikifanya mtihani wa darasa la nane katika shule ya bweni. Amri za wakati huo zilitaka marehemu azikwe upesi, tena na watu wachache. Baba akaamua nisiambiwe mpaka nimalize karatasi ya mwisho. Nilitoka shuleni na sanduku langu nikiwa na furaha, nikafika nyumbani kwetu karibu na Isecheno, ukingoni mwa msitu, nikakuta kaburi la udongo mbichi nyuma ya jiko. Hakuna aliyenisimulia mazishi yalivyokuwa, nami sikuuliza. Miaka ilipita bila mimi kumlilia hata siku moja. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, lakini mimi nilijiona nina kasoro. Nilitaka kujua jinsi mama alivyoliliwa, na kazi ya shule ilikuwa kisingizio kizuri.

Kijijini kwetu kuna bibi mmoja ambaye huitwa kuomboleza kila msiba unapotokea. Halipwi, hupewa chakula na heshima. Watoto wote humwita Kukhu, yaani nyanya, awe wao au asiwe wao. Nilimwendea asubuhi ya Jumamosi nikiwa na kila kitu ambacho kitabu kilisema mkusanyaji awe nacho: daftari, kalamu mbili, simu ya baba ya kunasia sauti, na kilo moja ya sukari ya kumlainisha mhojiwa. Nilimkuta akisiriba jiko lake kwa udongo, mikono imetapakaa mpaka viwikoni.

Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu. Nilisema, na hadi leo nikikumbuka naona haya, kwamba ningependa aniimbie mbolezi fupi, dakika tatu hivi, isiyo na marudio mengi.

Akaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Alinawa mikono polepole, akaketi, akaniuliza tena kwa upole, akidhani naogopa kutoa habari mbaya. Nikamhakikishia kwamba wote ni wazima, hii ni ya mtihani tu.

"Mimi silianga hivi hivi," alisema. "Nikilia bila mtu, nitakuwa nimemwita nani?"

Niliandika daftarini: tatizo la kwanza, mwenyeji amekataa. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo, kwa sababu kitabu kilikuwa kimesema kweli. Nilifunga daftari, nikaaga, na nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipojisikia nikimwuliza kama ni yeye aliyemlilia mama yangu.

 Akasema ni yeye, ila alilia akiwa nje ya ua, kwa sababu askari walikuwa wamehesabu waombolezaji na idadi ilikuwa imetimia. Akataka kujua siku hiyo mimi nilikuwa wapi. Nikamweleza habari ya mtihani na ya baba. Alinitazama kama fundi aliyegundua kwamba kazi yake ya zamani ilibaki na upande ambao haujamalizwa.

"Mtu akichelewanga matanga, siku anafika tunalia tena pamoja naye," akasema. "Sasa wewe, hujawahi kufika."

Alijifunga leso kiunoni, akasema twende kwetu, maana pale kwake hapakuwa na kaburi. Sukari tuliiacha juu ya kigoda. Tulifuata njia ya kando ya msitu, yeye mbele, akitembea upesi kuliko mimi. Kichwani nilikuwa nikipanga: tutafika, nitamletea kiti, nitaiandaa simu, nitamwomba aanze. Lakini hatua chache kabla ya kufika kwetu alisimama, akaniambia nitangulie, niingie kama mtu atokaye safari. Nikatangulia. Na hapo hapo, nyuma yangu, sauti ikapaa.

Sijui niieleze vipi. Bibi yule nilikuwa nimemzoea, nilishamsikia mara nyingi akiulizia bei ya chumvi dukani, na sauti hii haikuwa ile. Ilijaza ua wote. Kuku walitawanyika. Baba, aliyekuwa akipasua kuni, aliweka shoka chini, akavua kofia, asisogee tena. Kukhu alimwita mama kwa jina la utotoni ambalo sikujua kwamba alikuwa nalo. Alimwuliza, kwa lugha yetu, kwa nini ameacha mboga zake zikichomwa na jua. Alimwita mtu wa kucheka kabla hadithi haijafika mwisho, mtu wa kurudisha ungo wa watu ukiwa na maharagwe ndani. Akauliza ni nani sasa atakayewafukuza nyani kwenye mahindi kwa yale matusi yake mazuri. Karibu nicheke, maana yote yalikuwa kweli. Nilikuwa nimeusahau ungo. Nilikuwa nimewasahau hata nyani, na jinsi mama alivyowatukana mmoja mmoja kama watu anaowajua.

Kisha wimbo ukageuka. Akaanza kumsemesha mtu mwingine.

"Mtoto uliye kwenye chumba cha karatasi, andika. Andika tu. Mama yako ameenda kisimani na njia imejifunga. Hatukuiti kwa sababu tumekatazwa kukuita. Ukimaliza, uje."

Darasani tulifundishwa kwamba mbolezi huwa na ritifaa, yaani kumsemesha mtu asiyekuwepo, nasi kila tulipoulizwa mtu huyo ni nani tulijibu bila kufikiri kwamba ni marehemu. Siku hiyo nilisimama katika ua wetu nikaelewa kwamba asiyekuwepo alikuwa mimi. Ile asubuhi nilipokuwa nikitia weusi visanduku vya majibu kwa penseli, kulikuwa na mtu nje ya ua huu akinisemesha mbele ya majirani wote. Sikuwa nimesahauliwa. Maneno hayo yalikuwa yamekaa miaka yote kichwani mwa mtu asiyejua kusoma, na hakuna hata moja lililopotea. Nilishikwa na woga uliochanganyika na furaha, nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga magoti kaburini na kulia kwa makamasi na kwikwi, kama nilivyopaswa kulia nikiwa na miaka kumi na minne.

Ilipokwisha, baba alikuja akachuchumaa kando yangu. Alisema alidhani ananikinga. Nikamwambia najua, na ilikuwa kweli, ingawa kabla ya siku hiyo sikuwa najua. Kukhu aliifungua leso kiunoni, akajifuta uso, akauliza kama nyumba hii siku hizi haipiki. Nikasonga obusuma, ugali wa kwetu, tukala na kunde sote watatu.

Simu sikuwa nimeiwasha. Daftari lilikuwa na sentensi ile moja tu ya mwenyeji aliyekataa. Tuliporudi shuleni na zamu yangu ikafika, mimi niliyetangaza mbolezi mbele ya darasa zima nilisimama nikatega kitendawili ambacho hata watoto wa chekechea wanakijua. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alinitazama kwa muda, labda akiona kitu usoni mwangu, lakini alama ni alama: alinipa mbili kwa kumi. Sikulalamika.

Novemba ikaja, na katika karatasi ya pili, miongoni mwa maswali yote ambayo yangeweza kuulizwa, palikuwa na mbolezi ya jamii ya mbali iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Nilisoma nikijua kwamba chini ya kila mstari kuna mtu aliyesimama kwenye ua fulani. Nilijibu mengine upesi. Kwenye matatizo mawili ya mkusanyaji niliandika kwanza kwamba wenyeji hawawezi kumlilia mtu ambaye hajafa. La pili nilikaa nalo mpaka msimamizi akatangaza kwamba zimebaki dakika kumi. Nikaandika: mkusanyaji anaweza kukuta kwamba wimbo unamwita yeye mwenyewe, asiweze kuandika. Sijui kama mtahini alinipa alama au alipiga mkasi wa kosa.

Siku ya karatasi ya mwisho kabisa wenzangu walibaki langoni wakirushiana unga na kupiga picha. Mimi nilibeba sanduku langu nikaenda nyumbani. Sikuingia ndani kwanza. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikaliweka sanduku chini, nikamwambia mama kwamba nimemaliza, na nimekuja.