Ghala Lisilo na Gunia

Kazini, kwenye ofisi ya afya ya wilaya, walimpa jina la Mama Ghala, naye akalipokea kwa kicheko. Mume wake, fundi cherehani, bado humtania: "Ghala gani hilo, mke wangu, halina gunia wala panya?"

Lakini lipo, tena limejaa! Kila siku zahanati kumi na nne humtumia kumbukumbu zao: nani kaugua, nani kapimwa, nani kachomwa chanjo. Yeye huzipanga kwenye ghala moja la data ndani ya kompyuta, mpaka vitu visivyojuana vinakuwa majirani.

Jumanne moja mkurugenzi aliingia na chati mkononi.

"Mama Ghala, zahanati ya mlimani haina watoto wachanga. Hata mmoja! Saa tisa kwenye kikao tunalihamisha jokofu lao la chanjo."

"Mlima mzima, bosi, hakuna anayezaa?"

"Chati umeichora mwenyewe," akajibu, akaondoka zake.

Neno hilo lilimchoma. Jokofu likiondoka, kina mama wa kule watatembea nusu siku na mtoto mgongoni kutafuta sindano moja. Na chati ni yake kweli.

Akafungua ghala. Umri ulitoka kwenye daftari la mapokezi, uzito ulitoka kwenye daftari la mizani. Kule mlimani madaftari hayo mawili hayajawahi kuonana. Akayaweka bega kwa bega, akakodoa macho.

Mtoto wa miaka saba, kilo saba. Wa miaka mitatu, kilo tano na nusu. Wa miaka kumi, kilo nane! Mamia, na wote wamechomwa chanjo za wachanga.

Akampigia simu muuguzi wa mlimani.

"Dada, huko kwenu mtoto wa miaka saba ana kilo saba?"

"Miaka? Makubwa haya! Asiyetimiza mwaka sisi tunamwandika kwa miezi. Ndivyo alivyotufundisha muuguzi mkuu kabla hajastaafu. Na fomu yenyewe inauliza umri tu, haisemi wa miaka au wa miezi."

Mama Ghala akawatenga wachanga kwa uzito na chanjo, akaigeuza miaka yao kuwa miezi, muuguzi akimsomea daftari kwenye simu. Saa tisa ilipogonga, nguzo ya mlimani kwenye chati ilikuwa imezipita nyingine zote kumi na tatu. Hebu fikiri, kutoka sifuri!

Mkurugenzi aliweka kalamu chini taratibu. "Mia tatu na kumi na wawili. Walikuwa wapi siku zote hawa?"

"Humu humu, bosi. Tuliwakuza kabla ya siku zao."

Ukumbi ukaangua kicheko, na jokofu likabaki mlimani.

Baada ya kikao alirudi peke yake mbele ya skrini, akaipitia mistari ile mmoja mmoja. Mwezi mmoja, kilo nne. Miezi miwili, kilo tano. Alipita polepole, kama anayepita chumba chenye watoto waliolala.

Jioni fundi cherehani aliuliza kama kawaida: "Haya, ghala limepata gunia?"

"Leo," akasema, "lilikuwa linapumua."

Mume akaacha kushona.