Pindo la Kapu la Chuoni

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, miaka ile ya themanini, tukikaa Ganda, nje kidogo ya Malindi. Nyumba yetu ilikuwa ya wasusi. Bibi alichana miyaa, majani makavu ya mkoma, mama akaisuka ukili, ule utepe mrefu, mimi nikaushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Kapu langu la kwanza nililitaka la kutilia juzuu zangu za Kurani za chuoni.

Lilibaki kukunjwa pindo tu, Bibi akanizuia. Kaka yangu Athumani alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi.

"Mtu wa nyumba hii akiwa safarini, pindo halikunjwi. Utamfungia njia, mjukuu wangu. Ngoja Idi, atarudi."

Nikaenda chuoni na kapu hivyo hivyo, miyaa imesimama ukingoni. Binamu yangu Mwanaidi akaita wenzake.

"Njooni mwone! Kapu la Fatuma limeachama mdomo kama samaki chewa!"

Alasiri ile nilijificha nyuma ya jiko, nikalikunja pindo lote.

Mama aliliona. Hakunipiga. Alichukua kisu, akafumua uzi mmoja mmoja. "Bibi yako asijue," alisema, akaondoka na kapu.

Idi ikaja, Athumani hakuja. Ikaja nyingine. Hatukupata barua, wala habari ya kifo. Siku moja nilimwuliza mama, huku nalia, kama ni mimi niliyemfungia.

"Hasha, mwanangu. Njia za watu ziko kwa Mungu, haziko kwenye shazia."

Neno hilo nikalishika, nikawafunza na wanangu.

Mwaka huu mama amefariki, Mungu amrehemu. Tukitoa vitu vyake, nililikuta kapu langu chini ya kitanda, limekauka, pindo wazi kama alivyolifumua. Nikaketi sakafuni, nikalipakata. Hakunilaumu hata siku moja, naamini hivyo. Lakini njia ya mwanawe aliiacha wazi miaka yote hiyo.

Baada ya arobaini nililowesha ile miyaa ilainike, nikatia uzi kwenye shazia. Mama nilimsomea Fatiha. Athumani sikujua nimsomee, au nimwombee safari njema. Nikakunja polepole, mpaka pakabaki nafasi ya vidole vinne.

Hapo nikaacha. Mungu anisamehe.