Miguu ya Mwalimu Anastazia

Leo tumemzika mwalimu wangu wa balei, ile ngoma ya Kizungu, na nusu ya watu msibani walikaa mbali na jeneza.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Akina mama wanaoosha maiti wanajua: unachokiona mle ndani kinabaki mle ndani. Lakini leo, hapa Nkowe, mmoja wao katoka kajishika mdomo.

"Vidole vya miguu vimepinda, kucha nyingine hazipo. Ule ni ukoma."

Basi. Vijana waliojitolea kubeba jeneza wakaanza kutazamana.

Nikasimama, nikapaza sauti. Jamani, ile ni balei! Mwalimu alitufundisha sisi wasichana kwenye ghala la korosho, msimu ukiisha. Alitusimulia habari za mwanamke mmoja wa Ulaya, zamani sana, aliyecheza amesimama kwa ncha za vidole mpaka wachezaji wengine wote wakamwiga.

"Viatu vyake vililowa damu," alituambia. "Watu walipiga makofi tu. Miguu hawakuiona."

Shangazi wa marehemu akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo alijiumiza makusudi? Kwa ajili ya ngoma?"

Nyie mngemjibu nini?

Halafu mama yangu mzazi, mbele ya msiba mzima, akanigeukia.

"Vua viatu."

Nikakataa. Akainama, akanivua mwenyewe.

Vidole vyangu navyo vimeshaanza kupinda.

Jeneza tumelibeba sisi wasichana wake. Mimi nilikuwa pekupeku, na njia nzima hakuna aliyeangalia jeneza.