Mtani wa Barua Pepe

Nimeletewa habari kwamba yule mwenye duka wa Kahama, Mhindi aliyejua Kisukuma na utani wake kuliko wengi wetu, ametutoka. Nimehuzunika kweli. Simtaji jina, na mwenyewe angefurahi, maana majina ya watu aliyalinda kuliko bidhaa zake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kompyuta zikiwa bado za kutafuta kwa tochi, alianzisha jukwaa la barua pepe la watu wa Shinyanga na Geita. Ukiandika, barua inamfikia yeye, anaondoa anwani, kisha anaisambaza kwa wote. Wachimbaji walilipenda mno. Waliandika kwenye kompyuta ya misheni, iliyotumiwa na kila mtu, wakasema yanayowakera bila kujulikana. Lakini wauza dawa za miujiza na matapeli wa utajiri wa haraka nao wakatuvamia. Wanachama wengi wakapiga kelele: kila mtu atoe jina! Mzee akakataa katakata. Badala yake, kila barua mpya isiyo na jina aliijibu kwanza kwa utani: "Wewe mla michembe, viazi vikavu vimekushinda, sasa unataka kompyuta?" Tapeli alijibu kwa kutaja bei ya dawa, au alinyamaza. Mtu wa kwetu angevumilia wapi? "Afadhali michembe yangu kuliko mchele wako wenye mawe!" Basi, huyo kapita.

Siku moja nikiwa dukani, aliingia mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, amefura kwa hasira. Mchimbaji wake mmoja alikuwa ameandika jukwaani kwamba matimba, zile nguzo zinazozuia udongo, yameoza na watu watafukiwa.

"Shikamoo mzee. Nitajie aliyeandika. Leo hii namfukuza."

"Marahaba. Simjui."

"Humjui vipi, na barua umeipitisha wewe?"

"Nilimtania, akanitukana vizuri. Nikajua ni wa huku. Jina sikumwuliza."

Siku hizi kila mahali tunadaiwa namba na kitambulisho, na matapeli bado wanatupigia simu, tena wakitutaja majina yetu kamili. Mzee yule alinifundisha kwamba kumtambua mtu ni jambo moja, kumwanika ni jingine. Wachimbaji walikuwa wameshaisikia barua ile, hakuna aliyekubali kushuka. Na mwenye duara, kwa kuwa hakujua amfukuze nani, ilibidi abadilishe matimba.